NAS ya diski mchanganyiko: dalili, chanzo na la kufanya

Kuchanganya diski za ukubwa na kampuni tofauti kwenye NAS ya nyumbani (sanduku la diski linalogawa faili kwenye mtandao) si kosa. Ni wachache wanaoanza na diski nne mpya zinazofanana. Wengi huanza na mbili, mwaka unaofuata wanaongeza ya tatu iliyo kubwa zaidi, halafu inapatikana nyingine kwenye kompyuta ya mezani ambayo hakuna anayeitumia tena. Ipo mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hiyo hasa: SHR ya Synology, Unraid, Btrfs, au mergerfs ikishirikiana na SnapRAID. Matatizo yanayojitokeza baada ya kuchanganya karibu yote yanatokana na mambo matatu ambayo kila diski huja nayo: ukubwa wake, namna inavyoandika, na muda inaohangaika na sekta mbovu (kipande kidogo cha diski kisichosomeka) kabla ya kusalimu amri. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki kwa kawaida ni waya au umeme.

Kabla ya kuchomoa chochote, chukua karatasi. Andika kila diski iko kwenye nafasi ya ngapi, modeli yake kamili, ukubwa, na namba ya seriali. Majina kama `/dev/sda` na `/dev/sdb` yanaweza kubadilishana mashine ikiwashwa upya, lakini seriali haibadiliki. Na kwa kuwa stika ya diski haionekani ikiwa ndani ya trei, bandika kipande cha tepu kwenye uso wa trei chenye tarakimu nne za mwisho za seriali. Inaonekana kazi ya bure mpaka siku diski moja imekufa kwenye RAID 5 (diski zilizounganishwa, zinazovumilia kufa kwa moja tu) na mtu anachomoa iliyo nzima badala yake.

Jambo jingine la mapema: RAID si bakapu. Upanuzi ndio wakati diski zote zinafanya kazi ngumu kuliko siku nyingine yoyote, kwa hiyo picha na nyaraka ambazo huwezi kuzipata tena ziwe na nakala mahali pengine kwanza.

Umeongeza diski, nafasi haijaongezeka au imeongezeka kiduchu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ni hesabu tu.

RAID 5 ya kawaida hupima diski zote kwa ile ndogo kabisa. Ukiwa na tatu za tera 4 na moja ya tera 1, zote nne zinahesabiwa kuwa za tera 1, na ukitoa sehemu ya pariti (data ya ziada ya kufufulia diski iliyokufa) unabaki na tera 3. Yaani tera 13 za chuma zinakupa tera 3! Diski hizohizo kwenye SHR zinatoa tera 9, kwa sababu SHR inazikata matabaka. Tabaka la kwanza ni tera 1 kutoka kila diski. La pili ni tera 3 zilizobaki kwenye zile tatu kubwa. Kila tabaka linakuwa RAID yake, kisha yote yanaunganishwa yaonekane kitu kimoja. Hakuna uchawi hapo, ni mdadm na LVM, zana za Linux za kuunganisha diski, zilizopangwa vizuri.

Kanuni ya haraka ya SHR yenye ulinzi wa diski moja: jumlisha zote, toa iliyo kubwa kuliko zote. Sasa tazama kinachowapata wengi. Una 4, 4 na 4: jumla 12, toa 4, unapata 8. Unanunua ya tera 8 ukitegemea kufika 16. Jumla inakuwa 20, toa 8, unapata 12. Nusu ya diski mpya imekaa bure, kwa sababu hakuna diski nyingine ya kubeba ulinzi wa nusu hiyo ya pili. Siku utakapoondoa mojawapo ya zile za 4 na kuweka ya 8 nyingine, hesabu inabadilika ghafla: 4, 4, 8 na 8 ni 24, toa 8, unapata 16. Ndiyo maana mwenye bajeti ya kubana namshauri anunue diski kubwa mbilimbili. Kununua moja peke yake kunaleta maana kama unajua ya pili inakuja karibuni, au kama kuna moja kundini inayoelekea kufa na lazima ibadilishwe kwa vyovyote. Kumbuka pia kwamba SHR haitapokea diski iliyo ndogo kuliko ndogo kabisa iliyomo, hivyo ile ya giga 500 ya laptop ya zamani itafutie kazi nyingine.

Ikiwa hesabu inakudai nafasi zaidi ya unayoiona, basi kuna hatua haijakamilika. Upanuzi una ngazi tatu: diski iingie kundini, kundi likue, kisha mfumo wa faili ukue. Kwenye mdadm, `cat /proc/mdstat` itakuonyesha kama kazi ya kupanga upya bado inaendelea na imefika asilimia ngapi. Ikiisha, mfumo wa faili wa ext4 unahitaji `resize2fs` na wa XFS unahitaji `xfs_growfs`. Usipoziendesha, kundi limekua lakini faili bado zinakaa kwenye chumba kilekile.

ZFS, mfumo wa faili wenye RAID yake ndani, ina mitego yake. Ukibadilisha diski moja baada ya nyingine hadi zote ziwe kubwa, nafasi mpya haitokei mpaka `autoexpand` iwe imewashwa, au uendeshe `zpool online -e` kwa kila diski. Kuongeza diski moja kwenye RAIDZ (RAID ya ZFS yenye pariti) iliyopo kuliwezekana rasmi OpenZFS 2.3 ilipotoka Januari 2025, na hata hivyo data ya zamani inabaki na uwiano wake wa zamani wa pariti mpaka iandikwe upya, kwa hiyo nafasi itaonekana pungufu kidogo. Mtego mbaya kuliko yote ni `zpool add`. Amri hiyo inaiingiza diski kama kundi linalojitegemea lisilo na ulinzi, na siku hiyo diski moja ikifa, hifadhi nzima imekwenda. ZFS hukataa na kukuonya. Watu huongeza `-f` kwa sababu wanataka ujumbe uondoke. Ukiona onyo hilo, ondoa mkono kwenye kibodi.

Btrfs nayo huleta dalili ya ajabu: `df` inasema kuna nafasi, lakini kuandika kunagoma kwa madai kwamba imeisha. Kwenye RAID1 ya Btrfs, ambapo data ina nakala mbili, kila kipande kinahitaji diski mbili zenye nafasi. Ukiwa na mbili zilizojaa na mpya iliyo tupu, hakuna jozi ya kuandikia. Dawa ni `btrfs balance`, ambayo inasambaza data upya, na inachukua muda. Hesabu yake ni rahisi: nusu ya jumla, mradi diski kubwa kabisa isizidi nyingine zote zikiunganishwa. Diski za 2, 4 na 6 zinatoa 6 kamili.

Kwa Unraid, kama diski mpya inakataliwa, angalia pariti. Diski ya pariti lazima iwe sawa na, au kubwa kuliko, kila diski ya data. Ukinunua ya tera 12 wakati pariti ni ya 8, ile ya 12 ndiyo inakuwa pariti na ya 8 inashuka kuwa ya data. Na kwa Unraid na mergerfs zote mbili, faili moja haigawanywi juu ya diski mbili. Jumla inaweza kuonyesha nafasi tele na bado faili la giga 100 likakosa pa kukaa. Kwenye mergerfs, mara nyingi mkosaji ni sera ya kuandika inayoanza na `ep`, ambayo inang'ang'ania diski yenye folda hiyo tayari hata ikiwa imejaa; jaribu `category.create=mfs`, inayochagua diski yenye nafasi nyingi zaidi.

Tera 4 inasoma 3.6

Hakuna aliyekuibia. Kiwandani tera ni trilioni moja ya baiti, na mifumo mingi inahesabu kwa 1024. Tera 4 ni 3.64, tera 8 ni 7.28.

Lakini diski ya tera 3 ikisoma giga 746, hilo ni tatizo halisi, na namba hiyo inajitambulisha yenyewe. Ni mabaki baada ya kidhibiti cha zamani kushindwa kuhesabu zaidi ya tera 2.2 na kuanza upya kutoka sifuri. Mara nyingi ni kasha la USB la miaka mingi au kadi ya SATA ya kizamani. Badilisha kasha, usibadilishe diski. Ukubwa ukionekana kamili ila patisheni haizidi tera 2, jedwali la patisheni ni MBR, la aina ya zamani. Linatakiwa liwe GPT.

Diski haionekani kabisa

Weka mkono juu yake wakati wa kuwasha. Inazunguka?

Kama haizunguki kabisa na ilitolewa kwenye kasha la eksteno, kuna uwezekano mkubwa ni pini ya 3 ya upande wa umeme. Kuanzia toleo la SATA 3.3, pini hiyo ilipewa kazi ya kuzimia diski, wakati pawasapulai nyingi za kompyuta bado zinaipelekea volti 3.3 kama zamani. Diski inasoma umeme huo kama amri ya kulala. Ndani ya masanduku mengi ya NAS itaamka bila shida. Ukiihamishia kwenye kompyuta ya mezani iliyogeuzwa seva, inakuwa kama imekufa. Funika pini hiyo kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton (isiyopitisha umeme), au tumia waya wa kutoka Molex (plagi ya umeme ya zamani) kwenda SATA, kwa kuwa Molex haibebi volti 3.3 kabisa. Chagua ule ambao nyaya zake zimebanwa moja moja kwenye kichwa. Aina iliyomiminiwa plastiki ina historia ya kuungua.

Kama inaanza kuzunguka, inatoa mlio wa tik, inasimama na kuanza tena, umeme hautoshi au diski ni mbovu. Diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12 wakati wa kuanza. Nne kwa pamoja ni karibu wati 96 kwa sekunde chache, kabla hujahesabu bodi yenyewe. Sanduku lililokuwa salama na diski mbili linaweza kugoma na nne kwa sababu hiyo tu. Jaribu kuiwasha ile diski peke yake.

Kuna eksteno ndogo za inchi 2.5 ambazo soketi ya USB imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Hakuna SATA ndani. Ukiifungua umepoteza kasha na hujapata diski.

Ujenzi upya hauishi, au NAS nzima imekuwa nzito

Ujenzi upya ni kuijaza diski mpya data inayotokana na nyingine za kundi. Pata kwanza kipimo cha kawaida. Diski ya tera 4 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde inajazwa kwa saa 7 hadi 8. Mashine ikiwa inatumika, hesabu mara mbili yake. Ukiona makadirio ya siku tano au kumi, kuna kitu.

Endesha `iostat -x 5` na utazame safu wima ya mwisho, asilimia ya muda diski iko kazini. Kwenye kundi lenye afya diski zote zinapanda na kushuka pamoja. Kwenye kundi lenye mkosaji, moja imekwama asilimia 100 huku nyingine zikiwa 10 au 15, zinaisubiri. Chukua jina lake, nenda kwenye karatasi yako, soma modeli. Mara nyingi utakuta ni SMR.

Diski za SMR huandika njia zinazopandana kama mabati ya paa: kubadilisha bati la katikati lazima ufungue yaliyolilalia. Ili kuficha kazi hiyo, diski ina eneo la mapokezi inaloandika haraka na kulipanga baadaye ikipumzika. Kwa kunakili picha za simu hutaona tofauti. Kwenye ujenzi upya diski haipumziki, eneo la mapokezi linajaa, na kasi inaporomoka.

Tatizo hili lilijulikana kwa wengi Aprili 2020, ilipobainika kwamba baadhi ya diski za WD (Western Digital) Red zilizouzwa kwa ajili ya NAS zilikuwa SMR bila kuandikwa: WD20EFAX, WD30EFAX, WD40EFAX na WD60EFAX. Zile za zamani zenye EFRX ni CMR, yaani uandishi wa kawaida. Jaribio la tovuti ya ServeTheHome mwaka huo lilionyesha WD40EFAX ikichukua zaidi ya saa 200 kujengwa upya kwenye ZFS, kazi ambayo diski za CMR zilimaliza chini ya saa 20. Baadaye WD ilizitenga za CMR kwa jina la Red Plus. Kwa upande wa Seagate, BarraCuda za ST4000DM004 na ST8000DM004 ni SMR, IronWolf ni CMR. Usiamini jina kubwa la kwenye kasha, soma herufi za modeli.

Ukikuta SMR kundini, usikimbilie kuichomoa ujenzi ukiendelea. Uache umalize hata kama ni siku tisa, ukipunguza kazi nyingine zote. Halafu ihamishie mahali panapoifaa: kama diski ya data kwenye SnapRAID, au diski ya bakapu ya kuchomeka mara moja kwa wiki. Kwenye RAID 5 na RAIDZ siiweki hata ya bure.

Diski imetupwa nje ya kundi, lakini ukiipima ni nzima

Hapa wengi hutupa diski nzuri. Vyanzo ni viwili.

Cha kwanza ni uvumilivu. Diski ya kompyuta ya kawaida ikikutana na sekta ngumu kusomeka inaweza kuhangaika zaidi ya dakika nzima, kwa sababu inadhani iko peke yake na data haina nakala. Linux husubiri sekunde 30, kisha inakata mawasiliano na RAID inaitangaza imekufa. Diski za NAS huacha baada ya sekunde 7 na kuiachia RAID isome kutoka kwa wenzake. Uliza kila diski kwa `smartctl`, zana ya kusoma hali ya diski:

`smartctl -l scterc /dev/sda`

Ikikubali lakini imezimwa, iwashe kwa `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda`. Hiyo 70 ni sekunde 7. Diski nyingi husahau mpangilio huu umeme ukizimwa, hivyo uweke kwenye skripti ya kuwashia. Ikijibu kwamba haiujui, ongeza uvumilivu wa Linux badala yake: `echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout`. NAS itaganda kidogo siku ya sekta mbovu, ila hutapoteza diski kwa sababu ya sekta moja.

Cha pili ni waya. Fungua `smartctl -a` na uangalie mistari minne. Namba 199 inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi. Haishuki kamwe, kwa hiyo 40 ya zamani si hoja. Hoja ni kama leo ni 40 na kesho ni 65. Hamisha diski kwenye nafasi nyingine. Makosa yakibaki kwenye nafasi ileile, tatizo ni waya au soketi. Yakiifuata diski, ni bodi ya diski yenyewe. Namba 5 (sekta zilizobadilishwa), 197 (zinazosubiri uamuzi) na 198 (zisizosomeka) ndizo zinazozungumzia sahani zenyewe. Sekta chache kwenye namba 5 zisizoongezeka naweza kuishi nazo. 197 inayopanda kila wiki, hapana.

Joto, umeme na diski za mtumba

Dar au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi kina nyuzi 30 na zaidi kabla hujawasha kitu. Diski za 7200 (mizunguko kwa dakika) zinazopakana zinachomana. Ziache na nafasi kati yake, na zile za 5400 ziwe jirani. Napenda kuziona chini ya nyuzi 45. Vumbi kwenye feni ndilo la kwanza kusafisha.

Upanuzi unaotumia mdadm unaweza kuendelea ulipoishia umeme ukirudi, lakini usijipime. Weka UPS, na uiunganishe na NAS kwa waya wa USB ili mashine ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. UPS isiyounganishwa inaahirisha tu kukatika kwa dakika kumi.

Diski nyingi za mtumba madukani zimetoka kwenye mifumo ya kamera. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii haijafanya kazi sana." Omba kompyuta na usome namba 9, saa za kuwaka. Mwaka ni saa 8,760, kwa hiyo saa 40,000 ni miaka minne na nusu bila kulala. Hata namba hiyo inafutika: mwanzoni mwa 2025 ziligundulika Ujerumani diski za Seagate zilizokwisha tumika zikiuzwa kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa sifuri. Kwa Seagate kuna kumbukumbu ya pili ndani, inayosomwa kwa `smartctl -l farm` kwenye matoleo mapya ya smartmontools. Namba mbili zikipishana sana, rudisha diski, chukua hela yako.

Diski ya pili inaanza kufa ujenzi ukiendelea

Simamisha matumizi yote. Usianzishe ujenzi tena na tena, maana kila jaribio linasoma diski inayokufa kutoka mwanzo hadi mwisho. Na usifuate ushauri wa kuendesha `mdadm --create` juu ya kundi lililopo. Ukikosea mpangilio wa diski au ukubwa wa kipande, unaandika uharibifu juu ya data iliyokuwa bado inaokoleka.

Toa diski inayosuasua, iweke kwenye kompyuta nyingine pamoja na diski nzima iliyo sawa nayo au kubwa kuliko hiyo, na uinakili kwa ddrescue, zana ya kunakili diski mbovu. Mzunguko wa kwanza unachukua kilicho rahisi na kuruka pabaya: `ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.map`. Wa pili unarudi palipobaki: `ddrescue -f -d -r3 /dev/sdX /dev/sdY ramani.map`. Hakiki seriali mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu ukibadilisha X na Y unafuta chanzo. Nakala ikiisha, irudishe kwenye nafasi ya ile mbovu, unganisha kundi kwa `mdadm --assemble --force`, lipachike kwa kusoma tu, na utoe data yote nje kabla ya kuongeza diski nyingine yoyote.